Mfereji Ndani ya Kibao

Mwaka ule tuliposhuka kutoka milimani kwenda kuishi kwenye kijiji cha ujamaa karibu na Kihurio, mke wangu aliacha kucheka. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa na ugomvi na mtu. Alilima mpunga na wenzake kwenye shamba la pamoja, akapika, akafagia uwanja. Ila kila kazi zikiisha aligeuza kigoda chake akakaa akiitazama milima, na nikimsemesha aliitika kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya bonde. Joto la kule chini lilikuwa likifanya kila kitu kielee. Ng'ombe wa wafugaji walionekana wakitembea juu ya maji ambayo hayakuwepo, na milima yenyewe, ikifika saa nane mchana, ilijinyanyua kidogo kutoka ardhini, rangi ya moshi, kana kwamba imeamua kuhama na sisi tumechelewa kuiaga.

Mimi nilikuwa seremala wa kijiji. Karakana yetu ilikuwa banda la nyasi lenye meza mbili, na humo tulitengeneza madawati ya shule na milango ya zahanati. Siku moja kilibaki kipande cha mvule, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, nikakipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ruhusa.

Alikigeuza mara mbili. "Kwa mlango hakifai, kwa dawati hakifai. Chukua, fundi."

Nikaazimia kumtengenezea mke wangu kibao cha kukatia mboga. Tangu tushuke alikuwa anakatia mchicha kiganjani, au juu ya mfuniko wa sufuria. Kazi hiyo ningeimaliza kwa siku moja, lakini nilitaka ndani yake kuwe na kitu cha kwao. Jumapili nikapanda mlima kwenda kwa mama mkwe, ambaye alikuwa amekataa kuhama na watu wakaamua kumwacha, kwa kuwa alikuwa mjane na mwenye miaka mingi.

Nilisimama pembeni ya uwanja, kama inavyompasa mkwe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu mzima?"

"Mzima, mama. Ila hacheki."

Alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi amekumbatia nusu ya kinu kilichopasuka, cheusi kwa uzee, upande wa ndani kimelainika kama jiwe la mtoni. "Alianza kutwanga humu kabla hajaufikia mchi vizuri," alisema. "Nilikuwa nangoja mvua nikitie motoni. Nenda nacho."

Nikashuka nimekibeba begani, nikifuata mfereji unaotoka kwenye bwawa la juu na kupita migombani. Ukungu ulikuwa umetua. Sikuona hatua kumi mbele yangu, nilisikia maji tu, mara kulia, mara chini ya miguu, na harufu ya majani mabichi ikaja na kuondoka. Kuna wakati sikujua kama ni mimi ninayeteremka au ni mlima unaopanda taratibu kunipita. Nilipotoka kwenye ukungu na kuona bonde limelala chini kwenye jua, nilikuwa nimekwisha kuamua: nitautia ule mfereji ndani ya kibao.

Nilipasua kinu nikapata vipande sita vyembamba. Mti mkavu wa miaka mingi haukubali kupinda, kwa hiyo nikavichemsha. Mke wangu alikuta sufuria yake kubwa iko jikoni inatokota.

"Unapika nini?"

"Mbao."

Alinitazama, akainua mfuniko, akaurudisha. Vipande vitatu vilivunjika mikononi mwangu. Vitatu vilikubali, nikavifunga kwa kamba kwenye vigingi nilivyovipanga kwa kufuata mipindo ya ule mfereji, vikakauka hivyo kwa siku kadhaa. Kisha nikachimba mifuo miwili kwenye mvule kwa patasi nyembamba, nikaitia gundi ya ngozi ya moto, nikavigongea ndani vipande viwili. Nikapiga randa, nikakwangua kwa kigae cha chupa, nikapaka mafuta ya alizeti. Mvule ukageuka rangi ya asali, na juu yake michirizi miwili myeusi ikapita ikijipinda, ikakaribiana, ikaachana. Nilikaa na kibao magotini muda mrefu. Nilikuwa nasikia maji.

Mke wangu alikipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, baba," alisema, akakatia mchicha papo hapo, kila pigo la kisu likinichoma mimi. Akakiosha kwa maji mengi, akakianika juani.

Mchana nilisikia mlio mdogo uwanjani, kama mtu amevunja ufito. Gundi ilikuwa imelainika kwa maji, jua likamalizia kazi, na kipande kimoja kilikuwa kimechomoka na kusimama wima ncha moja kama ulimi. Mke wangu alikuwa amechuchumaa mbele yake. Nilitaka kuomba radhi. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini vumbini. "Kibao kinanitolea ulimi!" alisema, na machozi yakamtoka, akaanza tena. Nilicheka na mimi bila kujua ninacheka nini.

Alipotulia aliuliza, "Hivi hizi ni nini? Nyoka?"

"Ni mfereji wa kwenu."

Alipitisha kidole kwenye ule mfuo mtupu, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. "Mfereji wetu hauendi hivi," alisema. "Wewe uliupita kwenye ukungu." Akaokota kipande cha mkaa jikoni, akakigeuza kibao upande wa pili ulio mtupu, akachora. Mkono wake haukusita. Mstari ulishuka, ukapinda mara mbili upesi upesi, ukatulia. "Hapa pana jiwe. Hapa ndipo tulipokuwa tunaosha vyombo na mama. Hapa maji yanakwenda polepole mpaka unaweza kujiona uso."

Alizungumza jioni nzima. Sikuwa nimesikia sauti yake ikienda mbali hivyo tangu tushuke.

Upande huo wa pili niliufanya kwa kumfuata yeye. Nilichimba mfuo wa kina zaidi, nikavichemsha upya vile viwili nilivyochomoa pamoja na cha tatu nilichokuwa nimekiweka akiba, nikavipinda kwa mstari wake na kuvigongea vikiwa vimebana kabisa, bila gundi, kisha nikavipigilia vijiti vya mwanzi kwa chini. Yeye alishika kibao, mimi nikagonga.

Mavuno ya mpunga yalipokaribia, mama yake alishuka kututembelea na mkungu wa ndizi kichwani. Alikaa jikoni na binti yake, mmoja akimenya ndizi, mwingine akikatia mchicha kwenye kile kibao. Mimi nilikuwa nje, lakini nilisikia kisu kikisimama, kisha kidole kikikwaruza mbao taratibu.

"Haya," mama mkwe alisema hatimaye kwa Chasu, lugha ya kwao milimani, "maji yanapita vizuri. Lakini mchicha wenu wa huku una mchanga."

Wakacheka wote wawili.