Mawaridi Niliyochonga Kwenye Pangaboi ya Twahir

Kosa ni langu, na nimechoka kuwasingizia mahasidi. Nilimponza binamu yangu kwa kujiona tu!

Mimi ni fundi wa milango ya nakshi hapa Kibokoni. Twahir, mtoto wa ami yangu, alikuwa akiunda ndege uani kwake Ganjoni. Ndege ya kweli, ya mtu mmoja, yenye injini ya gari! Kila alichokipata kilikwenda mle. Ikabaki pangaboi, ile inayozunguka mbele na kuivuta.

Alikuwa na moja kuukuu, ya ndege ya mzungu iliyovunjwa, na iliifaa injini yake sawasawa. Mimi nikaicheka.

"Mti mtupu huo! Tumepata Uhuru juzi, nawe waokota mabaki yao? Kwani kwenu hakuna fundi?"

Nikamchongea yangu ya mvule. Akaitundika kwenye nondo kuipima uzito, tukaiparuza upande mzito mpaka pande mbili zikatulia sawa. Alifurahi, maskini.

Laiti ningeishia hapo! Niliichukua nyumbani, ati naipaka vanishi, mkono ukaniwasha. Nikachimba mawaridi pande zote mbili, nikikisia kwa macho tu.

Siku ya kuijaribu, ua umejaa mashangazi na moshi wa udi. Twahir akayapapasa mawaridi, uso ukambadilika.

"Umeipima tena?"

Watu wote wananitazama! Nikasema, "Nshaipima, ndugu yangu. Wasiwasi wa nini?"

Uongo mtupu!

Ndege ilifungwa kamba nyuma ya lori, isije ikakimbia. Twahir akaingia, injini ikawaka, ndege ikatetemeka yote, mara pwaa! Kipande cha pangaboi kikapasua bawa, injini ikang'oka. Twahir alitolewa mle na mkono uliovunjika. Kingepita juu kidogo tu, tungemzika.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alisema, "Nalitaka pangaboi, ukanipa mlango."

Siku hizi tukikutana Marikiti hunisalimu vizuri, huniuliza hali ya watoto, kisha huniita "bwana fundi". Mimi, niliyelala naye kitanda kimoja utotoni! Injini nyingine hana. Ile pangaboi kuukuu ingali ukutani kwake, nzima.

Mafundi wenzangu, nisikilizeni mimi mjinga. Ukiulizwa kama umepima, na hujapima, sema hujapima, hata mbele ya mashangazi zako wote! Na mti mtupu ukitosha, uacheni mtupu.