Kambare wawili wa Mama Neema

Leo jirani yangu hapa Kihonda, Mama Neema, amevua perege ndoo tele kwenye bwawa lake, na hana hata mmoja wa kuwakaangia wageni wa posa ya bintiye kesho.

Wote ni wadogo kama kidole!

Mwaka jana aliwatoa kambare bwawani kwa sababu walikula vifaranga vya perege. Akaniletea mimi, kitoweo.

"Shikamoo Mwalimu. Wamerogwa hawa?"

"Marahaba. Wamezaana kuzidi chakula. Kambare ndiye aliyekuwa akiwapunguza. Si nilikuandikia milinganyo ya kambare na perege?"

"Milinganyo haikaangwi, Mwalimu!"

Kweli.

Ila kambare wake sikuwala. Niliwafuga kwenye tangi, na wamenenepa.

Wageni watakula hao. Wawili nimewaombea msamaha. Jioni hii wamerudi bwawani kazini.

Nyie mngewaacha wangapi?