Kipa wa Upande Mmoja

Bartolomayo Chibago alikuwa kipa wa timu ya Karakana, na mji mzima wa Dodoma ulijua kwamba haruki kushoto. Mpira ukienda kulia kwake aliufuata hata kwenye kona ya juu kabisa, akauteremsha kwa mikono miwili kama mtu anayechuma papai. Ukienda kushoto aliusindikiza kwa macho. Kona ikipigwa, mabeki wake walisogea wenyewe upande huo wa goli, na hakuna aliyewauliza kwa nini.

Kocha wao, Mwalimu Athuman, mtu wa Kondoa, alikwisha kuacha kulizungumza. "Huyu ni kipa wa nusu goli," alisema, "lakini yule wa kabla yake hakuwa na nusu yoyote."

Ilikuwa mwaka 1993. Karakana ya serikali iliyomiliki timu haikuwa ikitengeneza tena matrekta mengi, ila wachezaji walikuwa bado wameajiriwa humo. Bartolomayo alikuwa fundi wa kuchomelea. Alikaa Ihumwa na mkewe Yasinta na mama yake, Loisi. Kazini, nyumbani na langoni alivaa suruali ndefu, jua liwake lisiwake. Watu walidhani anaogopa ardhi ya Dodoma, ambayo kipa akiiangukia humchuna ngozi ikabaki nayo. Sivyo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba kuliko wa kulia, na hakutaka uonekane.

Siku aliyoumia walicheza na timu ya Stendi. Mshambuliaji wa Stendi, Ulimboka, alikuwa na kawaida ya kumfunga kushoto, bila chuki, kama mtu anayepitia dukani akirudi nyumbani. Siku hiyo alikosea, mpira ukaenda kulia. Bartolomayo alikanyaga kwa mguu wa kulia, akajisukuma, akaudaka. Alipotaka kusimama, goti la kulia likakataa.

Walimpeleka hospitali ya Mvumi kwa gari la karakana. Daktari akasema mfupa ni mzima, ila nyuzi zinazolishika goti zimevutika. Apumzike mpaka uvimbe uishe, halafu aende kwa mtaalamu wa mazoezi.

Mtaalamu alikuwa mama mmoja wa Kinyakyusa aliyeitwa Bupe. Chumbani kwake pale hospitalini kulikuwa na kitanda, ngazi fupi ya mbao na vifuko vya mchanga alivyovishona mwenyewe.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mimi si daktari, mimi ni wa mazoezi. Vua suruali ubaki na bukta."

Bartolomayo akasema kwamba goti linaonekana vizuri hata suruali ikikunjwa.

"Goti nimeshaliona. Nataka miguu."

Akavua. Bupe alizungusha futi ya fundi cherehani kwenye paja la kulia, kisha la kushoto, akarudia la kushoto kwa sababu hakuamini.

"Huu uliwahi kuvunjika?"

"Nilipokuwa mtoto. Ng'ombe walinikanyaga malishoni."

"Ukapona?"

"Nilifungwa vijiti na mzee mmoja. Sijui kama ulipona."

Bupe alimtazama. Akamwambia alale, akaugusa mfupa kutoka juu hadi chini. Ulikuwa umeunga sawasawa. Akamwambia ausimamie huo wa kushoto peke yake. Bartolomayo alisimama kidogo, akatetemeka, akashika ukuta.

"Sikiliza, kaka. Goti lililovimba ni la kulia, lakini mvivu ni huyu wa kushoto," Bupe alisema. "Miaka yote wa kulia amefanya kazi ya wawili. Ndiye anayekurusha, ndiye anayekupokea, na nina hakika hata baiskeli anaiendesha yeye. Amechoka. Nikimtibu yeye tu, utarudi hapa."

Jioni Bartolomayo alikaa uani akamwambia mama yake maneno hayo. Alisema kwa uchungu, maana alikuwa ameubeba mguu ule tangu utotoni kama kitu cha kuazima ambacho kinaweza kuvunjika mikononi mwake. Loisi alikuwa anapepeta uwele. Hakuacha kupepeta.

"Yule mzee alisema usiukanyagie mpaka mvua zinyeshe," alisema. "Mvua zimenyesha mara ngapi tangu hapo?"

"Hakuna aliyeniambia niukanyagie."

"Nilidhani umeona mvua."

Yasinta, aliyekuwa jikoni, alicheka hadi akatoka nje. Bartolomayo alimuuliza kama naye alikuwa anajua habari za mguu. Akajibu kwamba alijua tangu uchumba, kwa jinsi alivyokuwa akitembea, na kwamba alidhani ni siri ya familia yao.

Mazoezi yakaanza. Alisimama kwa mguu wa kushoto wakati mkewe anasonga ugali, na hakuruhusiwa kuukalisha chini ule wa kulia mpaka mwiko utoke. Alijifunga kifuko cha mchanga kwenye kifundo, akaunyoosha na kuukunja mguu. Aliinuka kwenye kigoda kwa mguu mmoja, akakaa, akainuka. Majirani walimwona asubuhi akiwa amesimama uani kama korongo, wakampa pole. Mmoja alimshauri Loisi amrudishe kijana kanisani.

Mwanzoni alichukia. Mguu uliuma kwa namna asiyoijua, si ya kuvunjika bali ya kufanya kazi. Halafu siku moja akipanda ngazi ya Bupe alijikuta amefika juu akiwa ametanguliza wa kushoto, bila kufikiri. Alishuka. Akaomba apande tena. Bupe alimwacha apande mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakaanza kulalamika.

Aliporudi langoni msimu mpya, goti lilikuwa limepona na Stendi walikuwa wapinzani wa kwanza. Ulimboka alipata mpira, akainua kichwa, akapiga kushoto, chini, pale pale pa siku zote. Bartolomayo akaruka, akaudaka. Hata mabeki wake hawakushangilia. Walimtazama kama mtu aliyeingia kwenye nyumba isiyo yake.

Ulimboka akapiga tena kushoto. Akadaka tena. Baada ya mechi alimfuata.

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

"Bwana, tumejuana miaka mingi!"

Bartolomayo alikubali kwamba ni kweli, wakashikana mikono.

Habari huchelewa kufika Manyoni na Kongwa, na kwa muda mrefu timu za wilayani ziliendelea kumpigia kushoto kwa moyo mweupe. Karakana walipanda mpaka nafasi ya juu ambayo hawakuwahi kuiota. Bupe alikuja mara moja kutazama. Alikaa jukwaani na mwavuli, na baada ya mchezo hakumpongeza.

"Sasa hurukii kulia," alisema.

"Naogopa goti."

"Goti limepona. Umehama chumba tu, kaka. Mgeni akibisha kwenye kile kingine hayupo mtu. Jumatatu njoo."

Alikwenda. Walianza upya na mguu wa kulia, kwa vifuko vilevile. Hakuwahi kuwa sawa kabisa; Bupe alimwambia hakuna binadamu aliye sawa kabisa, anayetafutwa ni yule ambaye upande mmoja haumuonei mwenzake. Lakini goti halikuvimba tena, na aliruka kote kuwili. Mwaka huo alinunua bukta ya mtumba, ya kijani, akaivaa langoni. Hakuna aliyesema lolote kuhusu miguu yake. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, na jambo hilo lilimuudhi kidogo.

Mechi yao ya mwisho walifungwa na timu ya Mpwapwa. Mpira haukwenda kulia wala kushoto. Ulikuja polepole, katikati, ukapita chini yake wakati anaamua.

Baada ya hapo karakana iliuzwa, na mwenye mali mpya alitaka mafundi, hakutaka timu. Bartolomayo alibaki kama fundi kwa muda, kisha akaacha, akalima zabibu Ihumwa. Jumamosi aliwafundisha makipa wa shule ya jirani. Mtoto akija kwake mara ya kwanza, Bartolomayo hakumpa mpira. Alimwambia atembee kwanza kutoka nguzo hadi nguzo, yeye akakaa chini, akatazama miguu.