Kamera ya Mbao na Salamu ya Asubuhi

Juzi asubuhi nilipita kwa mpiga picha mmoja wa Utemini. Nilimkuta uani na kamera kubwa ya mbao ya miguu mitatu, aliyorithi kwa baba yake. Mbele yake bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti, upepo wa Julai ukimchapa mpaka anatetemeka.

"Bibi, kamera hii ni ya polepole. Tulia mpaka nihesabu sita."

Bibi akabana mikono katikati ya magoti, akakaza meno. Kutetemeka kukaisha kabisa. Fundi akafungua lenzi. Alipofika nne, nikasogea mimi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

Picha ilipotoka, hata maandishi ya khanga yalisomeka. Mdomo tu ulikuwa ukungu. Fundi akanitazama vibaya.

"Turudie, bibi."

"Ya nini? Wajukuu wataona nilikuwa naitikia."

Kwa aibu nikaomba nami nipigwe picha na kamera hiyohiyo. Yangu imetoka safi, mdomo na vyote. Wakati fundi anahesabu, watu wanne walipita uani, na hakuna aliyenisalimia.