Boti yetu imeanikwa uani kama maharage, na Jumamosi tunaipanda

Admin, nakusihi, kabla hujayaweka haya kwenye ukurasa ondoa jina langu na picha yangu. Na ninyi mtakaosoma, msimwite mtu yeyote wa Kasulu kwenye komenti aje aone. Atakayenitambua naomba anyamaze, hata kama ni ndugu yangu. Kazi yangu na ndoa yangu viko mkononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo ana simu kama ninyi.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, karani kwenye ghala la mazao la mtu binafsi hapa Kasulu. Nasimamia upokeaji wa maharage na mahindi: nang'ata punje, ikilainika kwenye meno narudisha mzigo. Bosi wangu ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha marafiki. Ndiye pia mshenga wangu kwa wazazi wa mchumba wangu, kule Murungu, Kibondo. Walishanikataa mara ya kwanza. Alikwenda yeye, akakaa nao, akala nao, mpaka wakalainika. Kwa hiyo mnielewe ninaposema siwezi kumpinga mbele za watu.

Kikundi chetu kilizoea kushuka Kigoma mjini kula samaki wa migebuka na kutazama wengine wakitembea ziwani. Mwaka huu tukakubaliana tuwe na boti yetu, hata iliyotumika. Tukaenda kuchagua. Tulikuta mbili za mbao. Moja ilikuwa majini, nyeusi kwa lami, ina viraka, na ndani maji yanafika kwenye vifundo vya miguu. Ya pili ilikuwa nchi kavu juu ya magogo, imepakwa rangi ya bluu, ukiigonga inalia kama ngoma. Sisi ni watu wa milimani. Kwetu kitu kizuri ni kikavu, iwe maharage, iwe mbao za kupaulia. Bosi aliigonga ile ya bluu, akanigeukia: "Karani, ing'ate basi utuambie!"

Rafiki yetu mmoja, nimwite Shukuru, akadakia: "Hii haina haja ya kung'atwa. Daraja la kwanza, pokea mzigo!" Watu wakacheka, ikawa imechaguliwa.

Wenzangu walipokwenda kupiga picha, mwenye boti aliniambia, "Bwana mdogo, hii imekaa juu muda mrefu. Siku mtakayoishusha msiipande. Izamisheni hapa kwenye maji mafupi, mwiache inywe siku kadhaa mpaka mbao zivimbe zibanane. Ndipo mtoe maji mpande." Niliinama chini ya boti nikaona mwanga wa jua ukipenya katikati ya mbao.

Nilimweleza bosi ndani ya gari. Alicheka mpaka akakohoa. "Yaani tununue boti nzima, halafu tuizamishe wenyewe? Huyo anataka tukigeuka aiopoe aiuze tena!"

"Sha, jamani, karani amezoea kurudisha mizigo," Shukuru akasema, "sasa anataka kurudisha hadi boti." Tangu siku hiyo kikundi kizima kinaniita Unyevu.

Kibaya zaidi, bosi alikodi lori akaipandisha boti mpaka Kasulu ili watu waione kwanza. Mpaka leo iko uani kwake, kwenye jua la kiangazi. Watu wanatoka hadi Makere kuja kuishangaa. Watoto wanakaa ndani wanapiga makasia hewani. Jirani mmoja ameruhusiwa kuanika mihogo humo, na inakauka vizuri sana. Juzi nilimwaga kikombe cha maji ndani, yakatokea chini kabla sijakiweka kikombe. Mke wa bosi alikuwa mlangoni. "Unaiogesha, shemeji?" akaniuliza. Nikasema nafuta vumbi.

Jumamosi hii lori linaishusha ziwani, na tunapanda siku hiyo hiyo. Kati yetu hakuna anayejua kuogelea. Nilipouliza habari za maboya, bosi alisema tutazunguka karibu karibu tu. Na amemwalika mchumba wangu na mdogo wake waje kutoka Murungu, tena ameahidi kuwakalisha mbele kama wageni wa heshima. Nilimpigia mchumba wangu nikamwomba asije. Akauliza, "Umepata mwingine?" Nikamweleza habari za mbao. Akasema, "Mshenga wetu ametualika, wewe unasema nikatae kwa sababu ya kikombe cha maji. Baba nitamwambia nini?"

Kinachonimaliza ni kwamba sina uhakika. Sijawahi kushika hata kasia. Labda mbao zitavimba zenyewe tukiwa tunaelea. Nikikataa pale ufukweni na boti ikaenda salama, nitakuwa nimemwaibisha mshenga wangu mbele ya mchumba, na Murungu sitakanyaga tena. Nikinyamaza na isiende salama... sentensi hiyo nimeianza mara nyingi, siwezi kuimaliza. Nimewaza niijaze maji kwa ndoo pale pale uani, lakini nitamwambia nini mwenye uwanja?

Ndugu zangu, hasa mliokulia ziwani, niambieni: mbao zilizokauka hivyo hujifunga zenyewe? Na kama hazijifungi, nimwambieje mtu mzima aliyenibeba, naye asijione ametukanwa?

Msinipigie, simu yangu huwa mezani pa bosi saa za kazi. Andikeni chini ya kisa hiki, nami nitasoma kimya kimya. Mwenye la siri amtumie admin. Admin, ukiniletea, anza na salamu tu, na usitaje boti mpaka nikujibu. Fanyeni hima, iwe kabla ya Ijumaa jioni. Jumamosi hamtanipata, tumeambiwa simu zote tuziache kwenye lori zisije zikalowa.