Seva Iliyozimwa kwa Heshima

Baba aliwaahidi wakulima wenzake wa kahawa, mbele ya mkutano, kwamba mwanawe wa mjini angewawekea hifadhidata ya chama chao, orodha ya kompyuta ya wakulima na kilo zao, na siku hiyohiyo waione ikifanya kazi. Mimi niliambiwa baadaye. Ikishindikana, karani angerudi kwenye madaftari yake, na Baba, ambaye tayari anajulikana kwa kuongeza chumvi, angetaniwa mpaka mavuno yajayo.

Nikapanda mlimani asubuhi kutoka Kijenge, mjini ninakoishi. Kompyuta ya ofisi ya chama ilikuwa kuukuu lakini nzima. Nikaiwekea programu, nikaiwasha seva, yaani ile sehemu inayoiendesha hifadhidata, ikakataa: haikupata memori ya pamoja ya kutosha. Hiyo ni sehemu ya memori ambayo kazi zote za hifadhidata huitumia kwa pamoja, na kompyuta huiwekea kikomo. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilikuwa nimenakili mipangilio ya seva kubwa ya kazini kwetu. Nilikuwa nabandika sufuria ya harusi kwenye jiko la chai. Nikapunguza nilichoomba, nikapandisha kikomo kwa amri moja, ikawaka. Nilijipongeza kwa sauti. Karani akanitazama kwa huruma, kisha tukaingiza wakulima na kilo zao kutoka kwenye madaftari yake.

Saa tano wazee wakaingia. Niliwaamkia shikamoo mpaka koo likakauka. Kwetu jambo jipya halianzi bila sala, kwa hiyo mzee wa kanisa akatuomba tuzime simu, tukafumba macho. Katikati ya maombi nikasikia swichi ya ukutani: ta!

Sikungoja hata "amina" ipoe.

"Nani kazima?"

"Mimi," Baba akasema. "Simu zote zimezimwa, hii kompyuta yenyewe inanguruma tu mbele za Mungu."

Nilitamani kupiga kelele. Nikaiwasha upya, na seva ikaleta kosa lilelile la asubuhi. Hapo hasira zikanigeukia mwenyewe, maana ile amri hudumu mpaka kompyuta izimwe tu. Kikomo kipya kilipaswa kuandikwa kwenye faili ambalo kompyuta hulisoma kila inapowaka. Kwa kosa hilohilo huwa nawagombeza wenzangu kazini.

"Tulete madaftari?" mzee mmoja akauliza, na wenzake wote wakacheka. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Iliniuma sana kumwona hivyo.

Nikaandika ule mstari mmoja kwenye faili, nikawasha kompyuta upya. Seva ikawaka. Mwenyekiti wa chama hakuridhika.

"Izimwe tena tuone. Azime huyuhuyu aliyezima."

Baba akaficha mikono nyuma. "Mimi hiyo swichi siigusi tena."

"Zima, Baba," nikasema.

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika hata kidogo. "Zima tu."

Akazima. Kisha akawasha mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili. Sote tukaisogelea skrini, hata yule mzee aliyetaka madaftari. Seva ikawaka bila mtu kugusa kitu, karani akatafuta mkulima wa kwanza kwenye orodha, akampata na kilo zake zote.

Baba akajikohoza, akaugeukia mkutano.

"Mmeona? Ile mara ya kwanza nilizima makusudi, nimpime kama kweli anajua kazi."

Wazee wote wakanigeukia mimi, wakisubiri.

"Ndiyo," nikasema. "Alinipima."