Nilisema Nimefunga, Wenzangu Wakala Unga Wangu

Nilijua. Naanza na neno hilo kwa sababu mtu akikosa hukimbilia kusema hakujua, na mimi nilijua tangu mwanzo. Majina yote nimebadilisha na langu siliandiki kabisa. Nisikilize kwanza, ukitaka kunilaani utanilaani nikimaliza.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Gungu, si mbali na ziwa. Mwanamke mtu mzima, nina ulimi mrefu na napenda kusifiwa kuliko ninavyopenda kula. Nasali kwenye kanisa dogo tu, la mabati na mabenchi ya mbao, ambako tunajuana mpaka mtu akikohoa nyuma unajua ni nani.

Kanisani kwetu hakuna tajiri. Jumapili ya Mavuno kila mmoja analeta alichonacho: mahindi, maharage, mawese, kuku kafungwa miguu. Vinawekwa mbele, vinaombewa, na ibada ikiisha vinapigwa mnada hapo uwanjani. Utamu wa mnada wetu ni kwamba mara nyingi mnunuzi habebi. Anasema, "Nimenunua, nampa fulani," na huyo fulani huwa mjane au mgonjwa. Hapo vigelegele vinapigwa kwa aliyenunua, aliyepewa na aliyeleta.

Mimi nilikuwa na njaa ya vile vigelegele vya aliyeleta!

Mavuno yaliyotangulia, Mama Deo alileta mbuzi. Mbuzi! Mchungaji alimtaja kwenye mahubiri, akamtaja kwenye matangazo, akamtaja hata msibani. Mimi nilikuwa nimeleta mkungu wa ndizi, na hakuna aliyekumbuka. Basi siku moja tukiwa kwenye jumuiya, yale maombi ya nyumba kwa nyumba, nikasimama bila kuulizwa nikasema safari hii naleta gunia zima la unga wa muhogo. Nani alinituma? Hakuna! Watu wakapiga makofi, Mama Deo akaangalia chini, nami nikakaa nikijisikia malkia.

Shamba ninalo, Kidahwe, aliniachia marehemu baba, na wifi yangu ndiye anayeliangalia. Lakini nilikuwa nashona sare za kwaya, nikachelewa kwenda. Nilipofika, mihogo mitamu ilikuwa imekwisha kuliwa. Iliyobaki ni ile michungu, inayopandwa pembeni kwa sababu nguruwe pori na nyani hawaigusi. Mnyama haigusi, lakini mtu anaila akiitengeneza. Inamenywa, inalowekwa majini mpaka ilainike kabisa, ndipo inaanikwa na kusagwa. Sisi huku tunaiita kivunde, na unga wake una harufu ambayo mgeni huikimbia na mwenyeji huitamani.

Tuliimenya, tukailoweka, nikarudi Gungu kwenye sare zangu. Jumapili ikawa inakuja mbio. Nilipokwenda kuitoa majini ilikuwa bado migumu.

"Mawe, mama yangu! Wifi, hiyo bado," wifi yangu akasema. "Bonyeza uone. Ikiwa tayari inavunjika yenyewe mkononi. Hiyo bado ina sumu."

"Jua litaimaliza."

"Jua halimalizi sumu ya muhogo, wifi. Chukua hata debe la maharage upeleke. Mungu hana neno."

"Niliahidi gunia la unga, na watu walinisikia."

Alinitazama, akarudisha macho kwenye maharage aliyokuwa anapura. Nikaikatakata vipande vyembamba, nikaianika juu ya bati, nikapeleka mashineni. Ukatoka unga mweupe, hauna harufu hata kidogo. Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angeogopa. Mimi nilifurahi kwamba ni mweupe!

Jumapili ile gunia langu lilisimama mbele kuliko vyote. Mchungaji alichota kwa kiganja akawaonyesha watu weupe wake. Kwenye mnada, mwalimu mmoja mstaafu akalinunua, akasema kwa sauti, "Nimenunua, nampa Bibi Melania."

Bibi Melania ni mjane, analea mjukuu wake Jenifa peke yake. Jenifa alikuwa darasa la tatu, na ndiye mtoto mwenye mbio kuliko wote pale kanisani. Ukitaka chumvi, unamtuma Jenifa. Ukisahau kitabu cha nyimbo, Jenifa. Bibi yake akaja mbele akilia, akalishika gunia kwa mikono miwili.

Nilifungua mdomo niseme. Nikapiga kigelegele!

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikuwa kwa Bibi Melania. Alisisitiza kila mtu ale kwake, kwani amebarikiwa naye anataka kubariki. Samaki walitoka kwa Mama Riziki, mwenzetu anayeuza samaki Katonga. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, yeye kazaliwa hapa hapa. Alileta ndoo ya migebuka bure, akaitumbua na kuipika mwenyewe.

Ugali ukaja mezani. Mweupe! Bibi Melania akanivuta mkono.

"Kaa hapa karibu yangu, mwanangu. Chakula chako hiki, anza wewe."

Jamani. Ningeweza kusema, "Msile." Neno moja tu! Au ningejikwaa makusudi nikamwaga sufuria, ningeonekana mjinga na mambo yangeishia hapo. Lakini nikamwangalia Mama Deo ananawa mikono, nikaona ataicheka aibu yangu mpaka Mavuno mengine.

"Bibi, nisamehe," nikasema. "Leo nimefunga."

Bibi akaniwekea mkono kichwani. "Imana ikubariki," akasema, yaani Mungu. Kiongozi wa jumuiya akanifanya somo: tazameni mwenzetu, katoa gunia zima, na bado anafunga. Nikakaa na Biblia mapajani nikitazama kila tonge linavyokwenda mdomoni. Jenifa aliomba aongezwe, akaongezwa.

Mtu mmoja akasema, "Mbona kama kuna uchungu?"

"Nyongo hiyo," akasema Mama Deo. "Samaki hawakutumbuliwa vizuri."

"Nyongo miye nilitoa yote, mama," akasema Mama Riziki. "Kwa mikono yangu hii."

Mimi nikafungua Biblia. Sikumbuki ilifunguka wapi.

Tulikuwa kwenye wimbo wa kufunga ibada. Mama Deo ndiye aliyeanza, akashika ukuta akisema kichwa kinazunguka. Akafuata mzee mmoja. Kisha watu wakawa wanakimbilia nje mmoja baada ya mwingine, na wimbo ukabaki na sauti mbili, kisha ukabaki na yangu. Jenifa alikuwa amelala sakafuni, macho yamegeuka. Bodaboda zikaitwa, nami nikambeba yule mtoto mpaka hospitali nikiomba kwa sauti, na watu wakasema yule mama ana imani!

Mungu alihurumia, wote walipona. Kesho yake hata Jenifa alikuwa anacheka. Ningekuwa na utu hata chembe, ningesema siku hiyo, wakati hakuna aliyekufa na kila mtu yuko tayari kusamehe. Nilisema moyoni yamepita.

Hayakupita. Watu walitaka wa kumlaumu, wakamkumbuka aliyeleta samaki. Kwanza wakasema samaki walikuwa wamelala, si wabichi tena. Halafu maneno yakabadilika rangi, wakaanza kunong'ona kwamba hawa wa ng'ambo wana mambo yao, mtu haleti ndoo nzima bure bila sababu. Mama Riziki alipokuja Jumapili, benchi alilokaa lilihamwa. Baada ya matangazo akasimama.

"Ile samaki na miye nilikula," akasema. "Na miye nilitapika pamoja na ninyi. Mtu anaweza kujitega mwenyewe?"

Alitazama benchi hadi benchi, akafika kwangu. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Tumwombee." Mimi! Akachukua kanga yake akatoka, na hakurudi tena.

Sasa sikia ubaya ulipo. Samaki wakishaitwa sumu, unga unabaki salama. Gunia lilikuwa bado nyumbani kwa Bibi Melania, karibu lote. Naye kwa hofu akaacha kabisa kupika samaki, hata dagaa. Wakawa wanakula ugali wangu na sombe, yaani kisamvu, asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, matonge machache kila mlo ili gunia lidumu, kwa hiyo hawakuanguka tena kama siku ile. Uchungu aliusikia, akadhani ni mdomo wake wa kizee. Nami nilikuwa napita pale njiani, naona moshi wa jiko lake, nageuza uso!

Asubuhi moja Jenifa aliamka miguu imekakamaa. Alipoinuka alisimama kwa ncha za vidole, magoti yakagongana, akaanguka.

Bibi mwenyewe ndiye aliyekuja kunisimulia, alipotoka hospitali. Alikaa barazani kwangu, cherehani ikiwa katikati yetu.

"Daktari ananiuliza tunakula nini, namwambia muhogo," akasema. "Ananiambia ni muhogo mchungu ulioharakishwa, mtoto akiula siku nyingi bila samaki wala maharage unashika miguu. Eti hiyo miguu haitarudi kama zamani. Nikamwambia, daktari, ule unga ulitoka kanisani! Uliwekwa mbele, ukaombewa! Watoto hawa wa siku hizi wamesoma, lakini hawana adabu."

Akacheka kidogo. Alikuwa anautetea unga wangu.

"Umebaki?" nikauliza.

"Upo kidogo. Nautunza, naweka akiba."

Hapo nilivunjika. Nilimwambia yote, kuanzia mihogo migumu mpaka bati, mpaka maneno ya wifi yangu. Nililia mpaka nikateremka kwenye kiti. Nilingoja anipige, au apige yowe majirani wajae. Hakufanya hivyo. Aliangalia viatu vya Jenifa alivyokuwa navyo mkononi, vimeanza kulika ncha kwa sababu mtoto anatembelea vidole.

"Kwa hiyo siku ile," akasema, "hukuwa umefunga."

Basi. Hilo ndilo aliloniuliza. Nikatikisa kichwa. Nimetukanwa sokoni na nimetukanwa na wakwe, lakini hakuna maneno yaliyowahi kunikata hivyo.

Aliinuka, akajifunga kanga vizuri. "Mimi sitamwambia mtu," akasema. "Utasema wewe. Jumapili ya Mavuno, pale pale mbele ulipoweka gunia. Na Mama Riziki atakuwepo. Nitakwenda Katonga mwenyewe kumwita."

"Bibi, nionee huruma. Watanifukuza."

"Mwenzako walishamfukuza."

Tangu siku hiyo amekaa kimya kweli. Kila Jumapili ananisalimia kama zamani, namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, na anapita. Kimya chake kinanitisha kuliko kelele zote. Wakati wa matangazo nashika benchi kwa mikono miwili. Nimekonda, sare za watu nashona upande. Nikitengewa ugali, nasikia sauti yangu mwenyewe ikisema nimefunga, na kweli siuli.

Mavuno yamekaribia. Mchungaji, ambaye hajui lolote, amenipangia nizungumze juu ya utoaji. Eti niwatie moyo wenzangu! Mama Deo amenipitia kuniambia safari hii hanishindi, yeye analeta kuku tu. Nilitaka kumkumbatia, nikashindwa hata kumtazama.

Nimefikiri kukimbia. Nilifika mpaka kituo cha mabasi na mfuko wa nguo. Kisha nikamfikiria Bibi Melania akiwa amekaa pale mbele na Mama Riziki ambaye amemwita, wanangoja, na kiti changu kitupu. Nikarudi nyumbani.

Ninyi mnaosoma, nawasihi. Mihogo michungu msiiharakishe, hata kama wageni wako mlangoni. Na sadaka msiitoe kwa ajili ya macho ya watu, kwani atakayeila ana mwili. Ukiona umekosea, sema siku ile ile, wakati aibu bado ni yako peke yako. Mimi niliificha aibu yangu, ikamfukuza mama wa watu na ikamlemaza mtoto.

Jana alasiri nilisikia lango likigongwa. Alikuwa Jenifa. Zamani angevuka ule uwanja wangu kabla sijainua kichwa. Nilisimama mlangoni nikimtazama akija, ncha ya kidole, ncha ya kidole, mkono mmoja ukutani, na nilikatazwa na kitu nisimkimbilie. Kwapani alikuwa na kitu kimekunjwa vizuri.

"Bibi kasema hili ni lako," akaniambia. "Amelifua."

Lilikuwa gunia langu, tupu. Nimeliweka juu ya cherehani. Hakuna kingine nilichoandaa mwaka huu, na keshokutwa, Jumapili ya Mavuno, ndilo nitakalobeba mpaka mbele.